Chanjo Iliyochekwa kwenye Benchi la Jumatano

Mgeni rasmi, Ndugu Mganga kutoka Wizarani. Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa. Madaktari na wauguzi wetu:

Sisi wagonjwa wa moyo wa Kliniki ya Jumatano, Tabora, tunakukaribisha. Utatuona tumeketi. Si utovu wa adabu. Wengi wetu hatuwezi kusimama kwa muda wa risala nzima. Aliyepaswa kuisoma ni mwenyekiti wetu, Ndugu Shomari Yahaya, fundi cherehani wa Ng'ambo. Pumzi haimtoshi, kwa hiyo inasomwa na katibu, Swaumu.

HISTORIA

Kliniki ilianza mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, ikiwa na wagonjwa tisa. Wenzetu wa Bukene hushuka treni Jumanne na kulala kwa jamaa zao. Benchi la barazani tulilitengeneza kwa kujitolea, kwa mbao za mninga, na linatosha watu kumi na wawili. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, palikuwa mahali pa Bibi Khole binti Soud wa Mtendeni. Shomari alikaa ubavuni pake. Yeye alimwita mchumba. Bibi alimwita mume asiye na pumzi. Ndivyo tulivyokuwa tukimsubiri daktari.

MAFANIKIO

Kwa miaka sita vidonge vya kupunguza maji mwilini vimekosekana mara mbili tu. Daktari Wenceslaus anatujua kwa majina. Kila Jumatano hutuambia tupunguze chumvi, nasi tunapunguza. Tunalitaja hili kwanza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaonyesha kwamba akisema jambo, tunalifuata.

MATATIZO

Mwezi Mei mwaka huu zilifika chupa za chanjo za kutosha watu arobaini, pamoja na barua iliyoagiza kwamba wenye maradhi ya moyo wapewe kwanza. Muuguzi Tatu alitujia barazani akauliza nani anataka chanjo ya mafua.

Mgeni rasmi, hapa kwetu mafua ni pua inayochuruzika. Mtoto ana mafua, mama anamfuta, kazi zinaendelea. Ugonjwa uliotajwa kwenye barua ni mwingine: ni homa kali inayoshuka mapafuni, na moyo uliochoka hauwezi kuibeba. Yote mawili huitwa mafua. Benchi zima lilicheka.

Bibi Khole hakucheka. Aliinuka amfuate muuguzi. Shomari akamwuliza, "Mchumba, na chafya nayo utaichanjia?" Bibi akaketi, naye akicheka.

Hata hivyo, zamu yake ilipofika alimwuliza daktari. Tatu alikuwamo chumbani, na ndiye aliyetusimulia.

"Daktari, hiyo sindano ya mafua inanihusu?"

"Bibi, mimi na wewe tuna kazi ya moyo. Mafua tuwaachie watu wa kifua."

Alilisema kwa upole. Bibi alitoka ameridhika, akamwambia Shomari kwamba leo utani wake umesema kweli.

Wanane walichanjwa, kwa kuwa Tatu aliwashawishi mmoja mmoja. Chupa zilizobaki zilikaa katika jokofu la mafuta ya taa mpaka muda wake ukaisha.

Ugonjwa ulifika na abiria wa treni wiki ya pili ya Julai, wakati wa baridi na vumbi. Kati yetu arobaini na mmoja, waliugua kumi na saba na wakafariki sita. Bibi Khole alikuwa wa tatu. Siku ya nne ya ugonjwa wake Shomari alikwenda Mtendeni, akamkuta ameegemezwa mito, maana kulala chali kulimkata pumzi. Moyo wa Shomari ulimkataza utani. Aliinama, akamwamkia shikamoo kama mjukuu kwa bibi yake.

"Leo nimekuwa bibi yako?" Bibi akasema.

Tulimzika Bibi kesho yake.

Katika wale wanane waliochanjwa, waliugua wawili na hakufa hata mmoja. Hatusemi kwamba chanjo ingewaokoa wote sita. Wanane ni wachache, na sisi si wataalamu.

Baada ya arobaini ya Bibi tuliwauliza madaktari. Daktari Wenceslaus alisema hakuiona barua kuwa yake, maana iliandikiwa watu wa chanjo. Mwenzake, Daktari Silasi, aliisoma, akahofu sindano isiwaletee homa wagonjwa dhaifu, akangoja mwenzake aseme kwanza. Watu wa kifua walijibu kwamba wagonjwa ni wa moyo. Hakuna aliyetudharau. Kila mmoja alidhani mwingine atasema, na sisi tulikuwa tunacheka. Shomari ameagiza neno lake lile la chafya liandikwe humu kama alivyolitamka, na jina lake lisiondolewe.

MAOMBI

Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba chanjo ifike Aprili, kabla ya baridi. Tunaomba pia isiitwe ya mafua tu. Tulijaribu kuipatia jina; wengine walipendekeza homa ya mapafu, Tatu akasema huo ni ugonjwa mwingine. Tunawaachia wataalamu, mradi jina lisichekeshe.

Ombi kubwa ni hili: daktari wa moyo atuambie mwenyewe, kwa kinywa chake, pale pale anapotuambia habari ya chumvi. Akiona haifai kwa fulani, amwambie fulani kwa nini. Asitupeleke mlango wa pili.

Mahali pa mlangoni bado pako wazi. Mgonjwa mgeni akitaka kuketi pale, Shomari humwuliza kwanza kama amemwuliza daktari habari ya chanjo. Wengine hudhani ni utani, hucheka. Yeye hurudia swali.

Mungu akufikishe salama, Mgeni rasmi, awape wauguzi wetu nguvu, na wenzetu sita awalaze pema.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Moyo, Kliniki ya Jumatano,
Tabora, Septemba 1974.
Tulikuwa arobaini na mmoja. Tumebaki thelathini na watano.