Gauni la Yule Bibi wa Kwenye Kadi

Mbele ya saluni ya Bijou, Thornton Heath, kusini mwa London, palikuwa na benchi ambalo Jumapili mchana halikukosa watu wala chupa ya kahawa. Mwadini tulimwita Waziri, kwa kuwa kila jambo alilitolea tamko. Luc alikuwa Profesa. Alisafisha chuo kimoja Croydon na kudai elimu huingia hata kwa ufagio. Kiangazi kile cha 1999 nilikaa nao, mwanangu Ameir mapajani, mkononi kadi ya posta yenye mchoro wa mitindo ya kale: bibi wa karne nne zilizopita, kola pana kama sinia, gauni limetuna mpaka chini. Zainab, mteja wangu, alitaka gauni la harusi kama lile. Kitambaa alitumiwa na shangazi yake kutoka Dubai, na hapakuwa na kingine. Lilikuwa gauni langu la kwanza la harusi kushona, na jioni ile nilitakiwa kukata.

Niliuliza kwa sauti ndogo gauni lile linasimamaje.

— Mama Ameir, mule ndani iko kitunga, alisema Profesa. Kama kile cha kubebea mihogo kwetu Bukavu.

— Kitunga wapi, alidakia Waziri. Huyo kaficha mali asipekuliwe forodhani. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha uchi hazai.

Bijou, aliyekuwa akisuka mtu mlangoni, alimwambia Waziri methali hiyo angeiacha nyumbani. Profesa naye akaongeza watoto wawili ndani ya gauni, wanaingia karamuni bila mwaliko. Waziri hakukubali kushindwa. Akasema bibi yule hatembei kabisa, chini ana magurudumu, anasukumwa kama toroli la supamaketi. Nilicheka, lakini la kitunga lilikwisha kuniingia. Nikaamua: nitakata refu, lifagie sakafu.

Ndipo Bi Hayat akashuka kwenye basi. Yeye ndiye mpaka hina wetu, na alikuwa anakwenda kwa kina Zainab kupatana maua ya kuchora. Akaitazama kadi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

— Miguu yake iko wapi?

Waziri alifungua kinywa, akakijaza kahawa. Profesa aliisogeza kadi karibu na miwani. Kwetu bibi harusi huketishwa, wanawake wakapita mmoja mmoja kuitazama hina ya miguuni.

Nilimwomba Bijou simu.

— Zainab, nikasema, mkasi ninao hapa. Unataka waone gauni, au waone hina?

Nikamsikia anamwita mama yake waamue.