Bi Kheiria na Udongo Uliojaa Dawa

"Bibi, kama ni dawa, mbona udongo unaumwa?"

Swali hilo mjukuu wake Wijdan alimuuliza marehemu mwaka 2016, akiwa na miaka saba, alipomsikia akisema kwenye simu: "Udongo wa kule unaumwa, umejaa dawa." Bibi alicheka. "Kaoge kwanza, ntakwambia."

Marehemu Bi Kheiria binti Yaqdhan alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, Kikwajuni, Unguja. Alianza skuli huko huko, akaendelea Mombasa, na mwaka 1975 akaja Maskati na wazazi wake. Alisomea kemia Kairo, akarudi mwaka 1982 kufanya kazi katika maabara ya udongo. Dada yake, Bi Mahbuba, hakuacha kumtania: "Wenzio wanasoma wavae viatu virefu, wewe umesoma ukachimbe!"

"Nachimba, lakini na shahada yangu mfukoni," naye akimjibu.

Mwaka 1984 aliolewa na Bwana Bader, muuza vitambaa wa Matrah, hapa hapa Maskati, aliyelalamika miaka yote kwamba friji lake lina vikopo vingi vya udongo kuliko samaki.

Fahari yetu kubwa ni ile kazi ya mwaka 2016. Nje kidogo ya mji, nyuma ya kiwanda cha zamani cha dawa za wadudu, palikuwa panatengenezwa kiwanja cha watoto kuchezea mpira. Bi Kheiria akaupima udongo wake, akakuta zile dawa zimezama mpaka chini. Akawaeleza wazee wa mtaa kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Udongo huu umejaa dawa."

Loo! Asubuhi yake akawakuta na ndoo, wanauchota wakautie kwenye mitende yao. Akasimama getini kanyoosha mikono: "Sumu, jamani! Kwa Kiarabu, samm! Mwageni!"

Mzee mmoja akanuna. "Jana dawa, leo sumu. Shika moja, mwanangu."

Akashika moja. Tangu siku ile hata dawa ya mbu aliiita sumu. Wakubwa wake wa kazi walimsihi atie saini kiwanja kifunguliwe. Alikataa katakata mpaka udongo wote ukachimbuliwa, ukaletwa mwingine. Leo watoto wanacheza pale, wanaanguka, wanainuka na vumbi lao usoni, salama. Alistaafu mwaka 2017.

Maradhi ya figo yalimuanza mwaka 2023. Alifariki nyumbani, Matrah, Ijumaa tarehe 10 Januari 2025. Ameacha mume, watoto wake Fahd na Nouf, dada yake Bi Mahbuba, na wajukuu. Mola amrehemu, na udongo alioupigania umpokee kwa upole.

Wijdan alijibiwa mwezi wa Disemba 2024, akimpa bibi vidonge vyake kitandani. Bi Kheiria aliviangalia kiganjani, akatabasamu.

"Lile swali lako nnalikumbuka. Sumu tuliipa jina la hivi vidonge, mjukuu wangu. Nani angeikimbia?"