Mwishehe Alisema Kifua

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaykum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo nyote. Sogezeni redio karibu, maana leo sauti yangu haina nguvu. Leo namkumbuka Mwishehe bin Mtoro, fundi baiskeli wa Kaole. Ametimiza mwaka mmoja kaburini. Alikufa ana miaka ishirini na minne. Ishirini na minne tu, jamani.

Mwishehe alikuwa rafiki yangu. Nasema mapema, msije mkadhani nasoma karatasi niliyoandikiwa. Ukimpelekea baiskeli yenye pancha, kwanza atakusuta: "Hii unaiendesha au unaipiga?" Kisha ataitengeneza vizuri mpaka uone haya. Siku moja alinipakia nyuma toka Kaole hadi Kerege. Hakupumzika hata mara moja, na njia nzima anaimba, tena vibaya! Leo ningetoa chochote nimsikie akiimba vibaya.

Mwaka 1970 akili yake ikaanza kuchafuka. Gurudumu likizunguka, yeye anasikia watu wanamsema humo ndani. Akaacha kuoga, akaacha kula na wenzake, akawa anawasha sigara kwa sigara. Wazee wakasema ana pepo. Akapungwa.

Hapa ndipo tulipokosea, wasikilizaji. Wanaoijua ngoma ya pepo wanajua kwamba mgonjwa huitwa kiti. Akisema, hasemi yeye. Anasema yule aliyemkalia. Basi katikati ya ngoma Mwishehe akajishika, akasema, "Kifua kinaniuma." Alisema kifua, nilimsikia. Fundi wa ngoma akamwinamia kwa adabu: "Bwana mkubwa, hapo kifuani unataka nini?" Mwishehe akasema, "Kinaniuma mimi." Yakaletwa marashi, kikaletwa kitambaa chekundu, kumridhisha pepo. Nami nilikuwepo, napiga makofi.

Baadaye alipelekwa hospitali Dar es Salaam, akapewa vidonge vya akili. Vilimsaidia, tusidanganyane. Sauti zikapungua, akarudi kibandani kwake, akashika spana. Lakini alikuwa anakohoa, na suruali alikuwa anaifunga kiunoni kwa mpira wa baiskeli. Kila akisema kifua, sisi tunanong'onezana, "Yale mambo yake yameanza tena." Tunamuuliza kama amemeza vidonge, basi, tumemaliza. Hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Dada yake, Bi Mize, alikuwa anafua shati lake asubuhi moja, akaona damu kwenye mkono wa shati, pale alipokuwa akipangusia mdomo. Hakumwambia mtu. Alimshika mdogo wake mkono, akampeleka mpaka zahanati. Tabibu, Bwana Muhidini, akampandisha kwenye mizani: kilo thelathini na tisa. Mwanamume mzima! Akamgeukia Bi Mize: "Ameanza lini kuumwa kifua?"

Bi Mize amenisimulia juzi. "Nilifungua mdomo nijibu, nikaona sijui. Nikamuuliza mwenyewe: Mwishehe mdogo wangu, umeanza lini? Akasema, 'Leo ndiyo umeniuliza mimi, dada. Mwaka wa tatu huu.' Akacheka, halafu akalia."

Kilikuwa kifua kikuu. Kifua kikuu, wasikilizaji, maradhi yanayotibika yakiwahiwa. Sindano zilianza siku ile ile, lakini mwili ulikuwa umekwisha. Wiki ya tatu akatutoka.

Bi Mize, mama mzazi wa marehemu, na nyote wa Kaole, poleni sana. Mola amrehemu Mwishehe, ampe mapumziko. Najua pole ya rafiki aliyepiga makofi ni nzito kuipokea. Nawaombeni muipokee hivyo hivyo.

Na wewe unayenisikiliza, pengine nyumbani kwako yuko kijana ambaye akili imeanza kumchafuka. Msomee dua, mpe na vidonge vyake. Lakini mtazame na nguo zinavyomkaa. Mtazame meno, sikiliza kikohozi, jua amekula nini na amevuta sigara ngapi. Kisha kaa naye, mwite kwa jina lake, muulize anaumwa wapi. Akikujibu, mwamini kwanza, mpeleke akapimwe.

Miaka mitatu Mwishehe aliniambia mimi, rafiki yake, na kila mara nilimjibu, "Haya, tulia."