Yowe Nililopiga Juu ya Jabali

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Mimi mnayeniona hapa ni mkaidi, na mume wangu ni shahidi. Yule pale nyuma, anacheka.

Mwaka tulipohamia kijiji cha ujamaa hapa Kinyangiri, nilikuja nimenuna. Nyumba zilipangwa mstari, mlango unatazama mlango. Nikasema sitazamani na watu nisiowajua. Mlango wangu nikautoa upande wa porini, jirani yangu Mama Hadija nikampa mgongo wa nyumba. Siku moja nyoka aliingia kwake, Mama Hadija akapiga yowe. Desturi yetu mnaijua, ukisikia yowe unatupa jembe unakimbia. Mimi niliendelea kutwanga. Mungu anisamehe.

Kiangazi kilipokolea, ng'ombe wetu Nyange akatoroka. Ndugu zangu, homa ilikuwa imenikausha maziwa, na mwanangu Elia, wa miezi mitano, aliishi kwa maziwa ya Nyange tu. Mume wangu akasema, "Huyo karudi kwenye mahame yetu, kule tulikohama, tukamtazame zizini." Nikabisha. Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikapanda peke yangu mlima wa mawe ulio juu ya mahame, ili nione pori lote kwa mara moja.

Nilipanda na katambuga za tairi, akili yangu hiyo. Nyasi kavu zinateleza, mawe yanaunguza viganja. Karibu na kilele nikajivuta juu ya jabali, katambuga moja ikachomoka ikaenda zake. Nikatazama inakoangukia. Nyange huyo, kasimama katikati ya zizi letu la zamani, anacheua. Na mimi siwezi kushuka. Mguu unatafuta pa kukanyaga, haupati. Niliogopa sana, ndugu zangu. Nilimwaza Elia analia njaa na mama yake yuko juu ya jiwe.

Nikaomba, "Bwana, nishushe." Moyoni likaja neno moja tu: piga yowe. Hapo aibu ikazidi hofu. Nani atamjia mtu ambaye yeye hakwenda? Lakini nikapiga.

Chini kulikuwa na watu wanakata nyasi za kuezekea. Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Hadija, anahema, mundu mkononi. Mumewe yuko nyuma na kamba ya kufungia nyasi. Nikaanza kulia na kuomba msamaha. Akanijibu, "Shuka kwanza, Mama Elia. Toba utatubu ukiwa chini."

Mumewe akazunguka kwa nyuma, akanifunga kamba kiunoni, akanishusha polepole. Mama Hadija akanipokea miguu, akaniongoza pa kukanyaga. Jioni Elia alishiba, akalala.

Kesho yake nilibomoa ukuta, nikauhamishia mlango upande wa Mama Hadija. Ule wa zamani tuliuziba kwa udongo, alama yake ipo mpaka leo. Asubuhi nikifungua, yeye ndiye wa kwanza kunisalimia, na moyo wangu umetulia.

Namshukuru Mungu. Na wewe uliyekwama leo, unaona aibu kumwita Bwana kwa sababu ya uliyoyatenda, mwite hivyo hivyo. Mimi sikustahili, na walikuja wanakimbia.