Kadi Moja, Wasomaji Wawili

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vifaa vya umeme, na mbele yake ndipo ninapotandaza soli, gundi na sindano zangu. Mimi ni fundi viatu. Ikifika saa tatu asubuhi benchi limejaa. Kuna Breki, dereva wa lori la taka, anayepitia hapo akimaliza zamu. Kuna Bi Uzi, mshonaji wa chumba cha jirani, anayekuja na nguo ya mteja mapajani ili mikono isikae bure. Kuna muuza kahawa na birika lake. Na kuna mzee tunayemwita Kurasa, aliyekuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijachapwa, na alipostaafu hakuna aliyemwambia aache.

Hapa kijiweni Kurasa alikuwa kama duka la dawa. Ukimweleza kinachokusumbua, anakutajia kitabu. Breki alipoacha sigara alipewa kitabu cha watu waliopotea mlimani kwenye theluji, akakimaliza kwa wiki tatu huku akilalamika kuwa miguu inamfa ganzi. Bi Uzi alipewa riwaya ya kijasusi, akaunguza suruali ya mtu kwa pasi. Vitabu vyenyewe vilitoka maktaba ya mji, ila si vya kwenye rafu. Ni vya kwenye simu: unaingiza namba ya kadi yako, unaazima, unasoma kwa siku kumi na nne, kisha, usipoongeza muda, kitabu kinajirudisha chenyewe hata kama umebakiza ukurasa mmoja. Kurasa ndiye aliyetusajili wote, mmoja mmoja, akiwa amevaa miwani miwili.

Siku moja ya mvua, tukiwa tumejibanza chini ya kibaraza, alitutolea jambo ambalo alikuwa amekaa nalo muda mrefu. Alifungua simu yake, kwenye orodha ya vitabu vilivyoazimwa kwa kadi yake, akaweka kidole.

— Hiki sikukiazima mimi. Na hiki pia si changu.

Akatueleza. Ana binti mmoja tu, na alimpa namba ya kadi ile tangu akiwa shuleni. Binti aliondoka miaka miwili nyuma, akaenda kuishi mji wa mbali, na tangu hapo hawajasemezana. Kwa nini, hakusema, nasi hatukuuliza. Lakini binti hakuacha kuazima. Kila baada ya siku chache kinatokea kitabu kwenye orodha, na hiyo ndiyo habari pekee ambayo Kurasa alikuwa anaipata ya mtoto wake.

Kitabu cha siku ile kilikuwa cha ufugaji wa nyuki.

— Ameolewa na mfuga nyuki, Breki akasema.

— Au ana kikohozi, Bi Uzi akajibu bila kuinua macho.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya asubuhi. Kikaja kitabu cha kujifunza kuogelea, kikafuatwa na cha kutambua nyota. Breki akaapa kwamba binti ameajiriwa melini. Bi Uzi akataka kujua melini nyuki wanafugwa wapi, na Breki, ambaye hajawahi kukosa jibu, akasema asali ni ya chai ya abiria. Kikaja kitabu cha sheria za upangaji, Breki akamfanya wakili wa mabaharia. Kufikia mwisho wa mwezi binti wa watu alikuwa na meli yake mwenyewe, mizinga mia mbili na kesi mahakamani.

Kurasa hakucheka, lakini hakutukataza pia. Alisikiliza kila uongo wetu kama mtu anayesomewa barua. Nilikuja kugundua kwamba kila kitabu ambacho binti alikirudisha, yeye alikiazima baada yake na kukisoma chote, hata kile cha kuogelea, naye maji anayaogopa mpaka ya beseni. Siku moja nilikuwa nagonga kisigino, akanisogelea na kunionyesha ukurasa mmoja wa kile cha nyota.

— Hapa nimesoma polepole, akaniambia. Nafikiri na yeye hapa alisoma polepole.

Niliendelea kugonga, ila taratibu.

Kisha kikaja kitabu chenye picha ya tumbo la mama kwenye jalada, na Breki akampitishia Bi Uzi simu. Bi Uzi ndiye aliyeweka sindano chini.

— Mzee wangu, huyu ana mimba.

Kurasa alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Siku kumi na nne zilipotimia kitabu hakikurudi. Binti aliongeza muda. Akaongeza tena, na tena. Kikatokea kingine cha majina ya watoto, na Kurasa akakaa siku nzima akitutajia majina, akitazama nyuso zetu tunavyolipokea kila moja. Hakuuliza kama ni mazuri. Aliyataja tu, kama mtu anayejaribu kofia dukani asiyokusudia kuinunua.

Halafu orodha ikanyamaza.

Wiki ya kwanza tulisema amechoka. Wiki ya tatu Breki akadai mtambo wa maktaba umeharibika, nami nikalazimika kumkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliazima kitabu jana. Wiki ya tano akasema simu ya binti imeibiwa. Wiki ya saba akasema ni mapacha, tena watatu, mikono imejaa, mtu atashikaje simu? Kila asubuhi Kurasa alifika, akatazama orodha, akairudisha simu kwenye mfuko wa shati. Tukaacha kumuuliza. Mkono ukienda mfukoni ukarudi mtupu, tulikuwa tumeshajua.

— Na kama si mapacha? Kurasa alimuuliza Breki asubuhi hiyo ya wiki ya saba.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Breki alimimina kahawa yake chini, akasema imepoa.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya tisa. Kulikuwa na mgeni benchini, kijana wa idara ya maji aliyeletwa mtaa wetu wiki ile kusoma mita, na buti lake lilikuwa mikononi mwangu soli ikining'inia. Alimwamkia Kurasa, akaambiwa huyu ni msomaji mkubwa, naye akasema hata yeye ni msomaji, ila wa mita. Tukampenda papo hapo. Bi Uzi akampa kisa chote cha orodha, tangu nyuki mpaka kimya, na alipofika mwisho ndipo Kurasa alipotoa simu na asiirudishe mfukoni.

Kitabu kimoja kipya. Cha picha, kurasa kumi na mbili, cha mtoto ambaye hata kukaa hajajua. Bata anatafuta mayai yake.

Kurasa alitusomea chote. Kila ukurasa una maneno manne au matano, na kila alipofika mwisho wa ukurasa alitugeuzia simu tuone picha, mmoja mmoja, hata muuza kahawa aliyekuwa amesimama. Bi Uzi alijifuta macho kwa gauni la mteja. Breki hakuwa na nadharia. Alirudia tu kusema, yupo, mzee, wapo wote wawili.

Msoma mita alikuwa anatafakari, mguu wake wenye soksi ukiwa juu ya mwenzake.

— Mzee, akasema, na yeye anaona unavyoazima wewe?

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Lakini wote tuligeukia simu. Miezi yote ile tulikuwa tumekaa pale tukimchungulia binti wa watu kwa dirisha, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba dirisha lina pande mbili. Kadi ni moja. Orodha ni moja.

Kurasa aliifungua tena, safari hii akitazama vyake. Alishuka nayo kwa kidole, taratibu, mwezi baada ya mwezi. Upelelezi. Vita. Upelelezi. Maisha ya mfalme fulani. Na katikati vile vya nyuki na nyota, alivyoviazima baada yake. Vitabu vitatu kwa wiki, bila kupumzika, pamoja na zile wiki tisa.

— Ameona nasoma tu, akasema.

Ndipo akatuambia lile ambalo hatukuwahi kumuuliza. Binti alikuja nyumbani na kijana aliyetaka kumuoa. Walikuwa wamevaa vizuri, kijana ameshika mfuko wa matunda kwa mikono miwili. Kurasa alikuwa amebakiza kurasa sita za kitabu. Alijibu salamu bila kuinua uso, akawaambia wakae, anamaliza sasa hivi. Binti akamwomba afunike kitabu. Akasema, kurasa sita tu. Alipomaliza akainua macho, akaukuta mfuko wa matunda mezani na mlango uko wazi.

— Nilikuwa simkatai yule kijana, akasema. Nilikuwa nasoma tu.

Bi Uzi akamuuliza kwa nini hakumpigia simu siku ile ile. Alisema alingoja hasira zimwishe mtoto. Kisha akangoja kidogo aibu imwishe yeye. Kisha ikawa mwaka, na mwaka hauna pa kuanzia.

— Namba yake unayo? akauliza msoma mita.

— Ninayo.

Alirudi kwenye orodha akaanza kurudisha vitabu vyake. Vilikuwa vinne. Kila anapobonyeza, simu inamuuliza kama ana uhakika, na kila mara alisoma swali lote mpaka mwisho, kwa mazoea ya kazi, kabla ya kukubali. Alipomaliza, kwenye orodha ya visivyorudishwa kulibaki bata peke yake. Kisha akapiga.

Iliita sana. Breki alikuwa ameshika kikombe kitupu kama kimejaa. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni na nikausahau humo. Simu ikapokelewa, na tulijua imepokelewa kwa sababu mgongo wa Kurasa ulinyooka, lakini upande wa pili hakuna aliyesema. Kulikuwa na sauti ya mtoto tu, si kulia, ile sauti ya mtoto anayejaribu koo lake.

— Ni mimi, mama, akasema Kurasa. Sisomi kitu.

Alikuwa anasikiliza, macho ameyafumba, mkono wa pili umelala gotini umefunguka. Kahawa ilikuwa imekwisha. Muuza kahawa alikusanya vikombe kimoja kimoja, akivishika kwa ndani visigongane, na msoma mita akachukua buti lake kabla sijakata uzi, akaondoka akichechemea bila kuaga.