Barua ya Kuombea Udaktari

Benchi letu liko mbele ya kituo cha afya, chini ya bati la fundi viatu. Mimi ndiye ninayemimina kahawa hapo tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Wenye benchi ni watatu: Profesa, ambaye ndiye huyo fundi viatu, Kamusi, mlinzi mstaafu anayependa maneno makubwa, na Sindano, kinyozi anayejiona bingwa wa tiba kwa vile ameugua sana. Asubuhi hiyo mpwa wa Profesa, binti wa kidato cha sita, alipita na barua yake ya kuomba nafasi chuo cha udaktari. Ilitakiwa ifike shuleni kabla ya saa sita, ikiwa na saini ya nesi aliyemsimamia alipojitolea kituoni likizo nzima. Kosa lake ni kumpa mjomba aisome.

Profesa: “Nilimlisha uji bibi asiyeweza kushika kijiko.” Hii barua ya udaktari au ya kuomba uyaya?

Binti: Ndicho nilichofanya, mjomba.

Sindano: Na hapa je? “Siku ya kwanza niliogopa damu.” Loo! Rubani ataandika kwamba anaogopa kupaa?

Kamusi: Futa. Weka “nilishiriki katika upasuaji”.

Binti: Babu, hapa hakuna hata chumba cha upasuaji.

Kamusi: Ulikuwemo ndani ya jengo? Basi ulishiriki.

Profesa: Ongeza “wa moyo”. Upasuaji mtupu hata wa jipu upo.

Sindano: Moyo umezoeleka. Weka ubongo! Na hiyo B ya kemia, sema ulijizuia usiwatishe walimu.

Kamusi: Na kwenye picha usicheke. Daktari akicheka, mgonjwa anadhani amepona, anaondoka bila dawa.

Profesa akachukua kalamu anayowekea alama kwenye soli, akakata mistari ya barua na kuandika juu yake kwa wino mzito. Binti alinyoosha mkono mara mbili kuidai barua yake. Mara mbili akaambiwa atulie, wakubwa wanafanya kazi. Ikafika saa tano na nusu.

Ndipo yule nesi wa saini akatoka kituoni kufuata kahawa yake. Aliichukua barua kwa Profesa, akaisoma amesimama, kikombe mkononi.

Nesi: Huyu aliyepasuliwa ubongo yuko kitanda namba ngapi, nikambadilishie bandeji?

Profesa akaanza kutafuta nyundo iliyokuwa mapajani mwake. Sindano akatazama barabarani.

Kamusi: Hiyo, sista, ni siri ya kitabibu.

Nesi: Basi na saini yangu itabaki siri.

Machozi yakamlenga binti. Nesi akachomoa karatasi safi mfukoni.

Nesi: Andika upya, vilevile ulivyoandika mwanzo. Siku ile ulipoogopa damu, umesema kwamba kesho yake ulirudi?

Binti: Sikusema.

Nesi: Kwa nini?

Binti: Sikudhani ni kitu.

Nesi: Kiandike.

Nikapangusa sinia langu, binti akaandikia juu yake, amepiga magoti. Nesi akasaini, na binti akakimbia bila kuaga.

Profesa: Watu wenyewe hawasaidiki. Haya, mwanangu, tuongezee kahawa.

Nikamwambia imekwisha. Birika lilikuwa zito mkononi.