Aulis Hyttinen Aaga Kaunta ya Bunduki Kuukuu

Baada ya miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta ya duka letu la bunduki kuukuu za jeshi hapa Mikkeli, Finland, Aulis Hyttinen anastaafu rasmi tarehe 31 Mei. Waliowahi kumletea bunduki aitambue watahuzunika. Wengine, tuseme kweli, watashusha pumzi.

Aulis alianza kwa kukwangua grisi kwenye bunduki zilizotoka maghala ya jeshi. Huko ndiko alikojifunza kuzitofautisha: hii ni toleo la mwaka 1927, ile la 1928, na ile ambayo kinga za kilengeo chake zimesimama kama masikio ya mbwa. Kwa wateja wengi zote ni mti na chuma. Kwa Aulis ni ukoo mkubwa, na anamjua kila ndugu pamoja na aibu zake.

Maneno hana mengi. Mteja akijigamba kwamba bunduki ya marehemu babu yake ilikuwa ya mdunguzi, mlenga shabaha wa mafichoni, Aulis huigeuza mara moja, akasema, "Ya ghalani hii, vitani haikufika," akarudi kwenye kahawa yake. Ukisikiliza simulizi za kaunta yetu, jeshi la Finland lilikuwa na wadunguzi watupu. Hakuna babu aliyepika supu. Bwana mmoja alikipiga msasa kitako cha bunduki yake, akakipaka vanishi kikang'aa, na mihuri yote ya jeshi ikaenda na vumbi. Akaja kutafuta sifa. Aulis aliingia jikoni, hakutoka mpaka bwana yule alipoondoka.

Kilichotukosesha raha ni nani atazitambua bunduki yeye akishaondoka. Meneja wetu, Pirkko Laamanen, alisema tumefundwa vya kutosha, na zawadi ya kumuaga ingethibitisha. Tukachanga, tukanunua kitu alichokitafuta maisha yake yote: ile bunduki fupi ya wapanda farasi, adimu kuliko zote. Tuliikagua sote, tukaafikiana kuwa ni yenyewe.

Ijumaa iliyopita, kati ya keki na kahawa, tulimkabidhi. Alivuta bolti, akachungulia mtutu, akaupima kwa vidole. Uvumilivu ukamshinda Pirkko.

"Sema basi, Aulis! Si ndiyo yenyewe?"

"Imekatwa," akasema. "Ilikuwa ndefu hii. Kuna fundi kaikata na msumeno, na nyinyi mkampa hela."

Halafu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akaendelea kusema. Alitueleza kosa moja baada ya jingine, kuanzia mdomo wa mtutu mpaka tundu la mkanda, kahawa ikapoa vikombeni, uso umemchangamka kama wa bwana harusi. Tulipotaka kumrudishia muuzaji, alikataa katakata, akaondoka nayo. Mkewe, Helvi, anasema hakuna mgeni anayetoka kwao bila kuonyeshwa makosa yote. Tuliaibika, lakini tulifurahi pia, maana tunampenda sana mtu huyu.

Asante, Aulis, kwa uvumilivu wako, na hata kwa ukali wako. Tumekusikia uliposema mlangoni, ukivaa koti, kwamba Jumanne, siku yetu ya kununua mzigo, asiguse mtu bunduki mpaka ufike. Basi tunakutakia maisha mema, usingizi wa asubuhi na samaki wengi ziwani, siku zote za juma isipokuwa Jumanne.